K Iliyoinua Mguu

Benchi la Mama Birika lina miguu minne, lakini ya kuaminika ni mitatu. Wa nne ni tofali. Limeegemea ukuta wa kinyozi, pale kona ambapo barabara ya lami inakutana na ya vumbi, na kila siku baada ya adhuhuri hukaliwa na watu walewale, kila mtu mahali pake. Upande wa tofali hukaa Dakika, fundi saa, kwa kuwa ni mwepesi. Katikati hukaa Wakili, ambaye hajawahi kuwa wakili. Alikuwa tarishi wa mahakama miaka ishirini na tisa, akibeba mafaili, na anaamini sheria ilimwingia kupitia kwapani. Mashine, kinyozi mwenyewe, hukaa mlangoni pake kwenye kiti cha wateja wakiwa hawapo, yaani karibu siku nzima. Na mwisho wa benchi, palipojaa madoa ya rangi za kila aina, hukaa Kopo, mchora mabango. Siku hiyo Kopo alifika amenuna, akaketi bila salamu, na kahawa aliyomiminiwa akaiacha ipoe. Kwa watu wa benchi lile, kuacha kahawa ipoe ni sawa na kupiga yowe.

— Kopo, nani kafa? aliuliza Mama Birika, birika mkononi.

— Hajafa mtu. Nimeibiwa.

— Maskini! Baiskeli?

— Herufi.

Dakika alisogea asikie vizuri, benchi likayumba.

— Herufi gani?

— Zote, alisema Kopo, akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara.

Juu ya duka jipya la mikate lilikuwa limetundikwa turubai la plastiki: MIKATE YA KWETU. Herufi nene, zenye vitambi, zimebanana kama ndugu kwenye picha ya harusi. M imekaa imetandaza mapaja, A imevimba mpaka tundu lake limebaki kama punje ya mahindi, na kila K imeinua mguu wake wa mbele utadhani imeona mpira. Mtaa mzima ulizijua herufi hizo na ulikuwa umezipa jina: vibonge. Kwa miaka thelathini Kopo alikuwa amezichora kwa mkono kwenye gereji, chekechea, maduka ya sabuni na vibanda vya maji ya matunda. Lakini turubai lile hakuligusa. Lilitoka duka la chapa, kwenye ile mitambo inayotema bango kabla mteja hajamaliza kusema anachotaka.

Wateja alishazoea kuwapoteza. Miezi mitatu ilikuwa imepita hajapata ukuta. Hata ubao wa mwisho alioupaka rangi nyeupe tayari kwa kazi, mwenye nao alihamia duka la chapa, na sasa unakinga upepo kwenye jiko la Mama Birika. Alichobakiwa nacho Kopo ni kitu kimoja tu, kwamba mtu akipita akaona kibonge ukutani, atasema hiyo ni kazi ya Kopo. Sasa na hicho kinakwenda, na roho ilimuuma kuliko alivyotaka wenzake wajue.

— Mimi asubuhi nimepita pale, alisema Mashine, nikasema moyoni, huyu kapata kazi, anatuficha asije akatununulia kahawa.

— Hiyo ni jinai, alisema Wakili. Kuna kifungu.

— Kifungu gani?

— Kipo. Nilikibeba mwenyewe, kwenye faili la kijani.

— Mimi naona limependeza, alisema Mama Birika. Usinune, Kopo. Mkate unataka herufi nene. Ukiuandika kwa herufi nyembamba, mtu anadhani waliotangulia wameshaumega.

— Si ndiyo maana inauma! alisema Kopo. Lingekuwa baya ningelicheka nikaendelea na maisha. Aliyelifanya anajua. Vibonge kaviweka pale vinapotakiwa. Mimi mpaka kulijua hilo niliaibika mara ngapi?

— Kama pale mahakamani, alisema Wakili.

— Usianze.

— Naanza. Jamani, hakimu kanituma nitafute mtu wa kuandika KIMYA pale ukumbini. Nikampeleka huyu. Kaandika KIMYA kwa vibonge! K inapiga teke, Y imenyoosha mikono juu kama imefunga goli. Siku ya kwanza kesi ya talaka: mume kaingia kasoma, kacheka. Mke kaingia, kamuuliza mume unacheka nini, kasoma, naye kacheka. Wakaondoka wameshikana mikono.

— Basi herufi zilifanya kazi, alisema Mama Birika.

— Zilifanya kazi isiyo yao! Hakimu alikaa na faili mkononi, hana wa kuwaachanisha.

— Na ile ya umeme? alidakia Mashine. HATARI!

Kopo alifunika uso kwa kiganja. Ile ya umeme alitamani isahaulike. Alikuwa ameandika HATARI kwenye kijumba cha umeme, nyekundu juu ya njano, imenona vizuri, na badala ya kukaa mbali watu wakawa wanasogea wanatabasamu, mmoja kaegemea kabisa apigwe picha. Aliikwangua siku ileile, akaandika upya kwa herufi kavu zilizosimama wima kama askari.

— Ndipo nilipojua, alisema, herufi inazungumza kabla hujaisoma. Ukiipa kitambi, hata iseme mauti, watu wanasikia karibuni.

— Wahenga walisema, alianza Dakika, na wenzake wakashusha pumzi, maana Dakika na methali ni kama mlevi na ngazi, hufika lakini hujui kwa njia gani. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Wewe Kopo umezilisha mno hizo herufi. Zimenenepa, ukuta umezishindwa, zimedondoka. Duka la chapa wameokota tu.

— Herufi inadondokaje, we Dakika?

— Rangi haibanduki? Inabanduka. Ikishabanduka inakwenda wapi? Nani hapa amewahi kuiona inakokwenda?

Hakuna aliyewahi kuiona. Dakika alikunywa kahawa yake kwa ushindi.

— Mimi nasema ni setilaiti, alisema Mashine. Ziko huko juu, zinapiga picha kila ukuta. Ndiyo maana mabango siku hizi yanapauka upesi. Si jua lile, ni kupigwa picha mno.

— Inawezekana, alisema Wakili. Na zikimaliza kuta zitahamia vichwani. Utaona, Mashine. Mtu atabonyeza kitufe huko kwake, nywele zimeshanyolewa.

Mashine aliitazama mashine yake ya kunyolea kama mtu anayemtazama mgonjwa.

— Na kahawa yangu je? aliuliza Mama Birika.

— Wewe usihofu. Hakuna kompyuta inayoweza kuunguza kiasi hicho.

Wakacheka wote isipokuwa Mama Birika na Kopo. Mama Birika alimmiminia Wakili nusu kikombe, kisha akaliweka birika mbali na mkono wake.

— Tuache masihara, alisema Wakili, kwa sababu nusu kikombe ilimrudisha kwenye sheria. Swali ni ushahidi. Kopo atasimama aseme nini? A ni ya watu wote. O ni ya watu wote, hata kuku hutaga O. Unene nao hauna mwenyewe.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Dakika, akaonyesha shati la Kopo lililojaa rangi. Ushahidi huo hapo nguoni.

— Nyamaza, Dakika. Tunataka alama. Kitu kilichofanywa na Kopo peke yake, kwa sababu anayoijua peke yake, ambacho mwizi amekiiga bila kujua kwa nini kipo.

Wote wakageuka kulitazama turubai. Mashine ndiye aliyeona kwanza.

— Mguu wa K!

— Ehe! Mguu wa K! Sasa Kopo, tuambie mbele ya mashahidi, kwa nini K yako inainua mguu?

 Kopo alichukua kahawa iliyopoa akainywa yote kwa mpigo, jambo ambalo halijawahi kuonekana.

— Hilo mimi nalijua, alisema Mashine. Inaonyesha mteja aliyenyolewa vizuri, kichwa kimekuwa chepesi, anaruka. Wateja wangu nawaambia hivyo miaka yote.

— Uongo, alisema Mama Birika. Ni dansi. Aliniambia mwenyewe.

— Inapiga teke husuda, alisema Dakika. Mwenye husuda akija kusoma, teke lake la mdomo hilo.

— Mimi, alisema Wakili taratibu, siku zote nilidhani ni mbwa yuko ukutani. Nilinyamaza kwa heshima.

Miaka thelathini Kopo alikuwa ameibeba siri ile kama jiwe kwenye kiatu. Mguu wa K ndio uliomfanya aitwe fundi. Watu walitoka mitaa ya mbali wakisema, na mimi niandikie ile inayopiga teke. Akisema ukweli, herufi zinarudi kwake, lakini ufundi unaondoka. Akinyamaza, ufundi unabaki bila herufi. Alilitazama turubai tena. K mbili zilikuwa zimeinua miguu juu ya duka la watu, bila haya wala sababu.

— Ni bomba, alisema.

— Nini?

— Bomba la maji. Mashine, huu ukuta wako ndio ukuta wangu wa kwanza maishani. Bomba lako lilikuwa limechomoza hapa chini. Nilishapiga mistari yote, KINYOZI imeenea ukuta mzima, hakuna pa kusogea. Mguu wa K ukishuka unagonga bomba. Nikauinua. Nikajisemea, atakaponiambia nifute, nitafuta.

— Mimi nilidhani ni mtindo! alisema Mashine.

— Kesho yake wa gereji akaja anataka K ileile. Ningemwambia nini? Nikamwambia ni dansi.

 Kopo alitazama viatu vyake, akingoja kuchekwa. Badala yake Wakili aliruka juu ghafla, na kwa kuwa yeye ndiye mzito wa benchi, tofali lilitoka na Dakika akateremka mpaka chini, kikombe mkononi, bila kumwaga.

— Umeshinda kesi! alipiga kelele Wakili. Bomba liko wapi?

— Nililihamisha, alisema Mashine. Miaka mitatu sasa. Nikaziba.

— Umeziba ushahidi?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta! alisema Mashine, na safari hii hata Dakika alikiri kwamba methali imekaa.

Wakavuta benchi pembeni. Nyuma yake, chini kabisa, mwanzo wa KINYOZI, ilikuwepo K ya kwanza, kongwe, rangi imepasuka kama udongo wa kiangazi. Wakapiga magoti wote wanne, na Mama Birika akainama juu yao akiwa na birika. Wakili alipapasa ukuta kama daktari anayetafuta maumivu. Chini ya mguu ulioinuliwa kulikuwa na duara la saruji, jipya kuliko ukuta.

— Mwenye kovu usidhani kapoa, alisema Dakika kwa sauti ya msiba.

— Vidole vinne, alisema Wakili, amelala kifudifudi anapima. Toka bomba mpaka mguu, vidole vinne. Sasa twendeni pale kwenye mikate tuwaulize: bomba lenu liko wapi? K yenu inakwepa nini? Wana bomba hewani wale?

— Shikamooni, ilisema sauti nyuma yao. Mmepoteza kitu?

Wakageuka, magoti bado chini. Alikuwa binti mwenye miwani, begi la kompyuta begani, fulana yake ina nembo ya duka la chapa. Wakili aliinuka akajipangusa vumbi kwa hadhi yote iliyosalia.

— Marahaba. Sema shida yako, lakini ujue kila utakalosema linasikiwa.

— Namtafuta mtu aliyechora ukuta huu. Mimi ndiye niliyetengeneza turubai la mikate.

Mama Birika alisahau birika likiwa limeinama, kahawa ikamwagikia mguu wa Mashine. Mashine hakulia. Wote walimtazama binti, kisha kwa pamoja wakamtazama Kopo, kisha wakakumbuka kwamba hawakutakiwa kumtazama, wakatazama juu.

— Unakiri? aliuliza Wakili.

— Nakiri nini? Mimi nimekulia nyuma ya gereji pale. Kusoma nilijifunzia kwenye kuta, njiani kwenda shule. Neno la kwanza kusoma peke yangu ni hili hapa, KINYOZI. Mama alinipiga siku hiyo kwa kuchelewa. Miaka ya karibuni nikaona kuta zinapakwa upya moja moja, vibonge vinafunikwa. Nikaanza kuvipiga picha kabla havijaisha. Kila herufi nikaichora upya kwenye kompyuta, mwaka mzima, mpaka zikatimia. Sasa ukibonyeza K, K inatokea hivihivi.

— Setilaiti, alinong'ona Mashine, akimtazama binti kwa hofu.

— Ila hii K ilinitesa. Wiki nzima natafuta mguu ule uinuke kiasi gani. Nilijua aliyeichora alikuwa na sababu.

— Bomba! walisema wote kwa pamoja, isipokuwa Kopo.

Wakamweleza, kila mmoja akimkata mwenzake, na Wakili akamwonyesha vidole vinne. Binti aliinama akaligusa duara la saruji, akacheka mpaka akavua miwani.

— Basi hata bomba lina herufi yake, alisema. Sasa naomba msaada wenu. Nataka kuziachia herufi hizi, kila mwenye kompyuta aweze kuzitumia, hapa na kwingine. Zikitoka huwa zinatoka na jina la aliyezibuni. La kwangu siwezi kuandika, mimi nimenakili tu. Mwenyewe anaitwa nani?

— Kopo! alisema Mashine. Andika Kopo!

— Kopo ndilo jina lake? La kwenye kitambulisho?

Mashine alimgeukia Wakili. Wakili akamgeukia Dakika.

Binti alishika simu yake tayari kuandika, akamtazama mmoja baada ya mwingine. Wakili, aliyekuwa tayari kwenda mahakamani kwa ajili ya rafiki yake, alikohoa.

— Kwa mujibu wa kumbukumbu, alisema, tumwite Kopo kwa sasa.

— Mimi saa yake naitengeneza mwaka wa ishirini huu, alisema Dakika. Kwenye kikaratasi naandika Kopo.

— Mimi kichwa chake nakijua kila kovu, alisema Mashine kwa huzuni.

— Hata tulipomzika mkewe, alisema Mama Birika, aliyesoma majina alisema mfiwa ni mume wa marehemu. Nikaona inatosha.

Kopo alikuwa bado amepiga goti. Hasira ilimpanda. Saa nzima walikuwa wakipigania herufi zake kwa kelele, na mwenye herufi hawamjui! Alifungua mdomo awaseme. Akamtazama Mashine, mtu aliyeketi naye miaka thelathini, akalitafuta jina lake ili amseme nalo. Hakulipata. Akamgeukia Wakili, akajaribu. Dakika. Hata Mama Birika, mama wa nani? Kuta za mtaa mzima alikuwa ameziandika yeye, kinyozi, fundi saa, kahawa hapa, na hakuna hata mmoja aliouandika jina la mtu. Hasira ikageuka aibu, na aibu ikataka kucheka.

Aliinuka. Akaenda jikoni kwa Mama Birika akauchomoa ubao mweupe uliokuwa ukikinga upepo, akaufuta masizi kwa mkono wa shati. Akauegemeza ukutani. Akatoa brashi kwenye mfuko wa suruali na mkebe wa rangi nyekundu kwenye begi lake, akapima kwa jicho, akaanza kuchora.

— Nimiminie kahawa moja, alimwambia Mama Birika.

Mama Birika alilipindua birika. Lilitoa tone moja.

— Imekwisha. Imelala mguuni kwa Mashine.

Hakuna aliyeondoka, japo kahawa ikiisha huwa ndiyo kwaheri. Binti aliinua simu apige picha. Herufi ya kwanza ilitoka na mashavu yake. Ya pili ikajibana kando yake. Wakili alisoma kwa sauti, polepole, silabi kwa silabi, kama mtoto anayekwenda shule, na wenzake wakimfuata. Herufi ya tatu ilikuwa K.

Kopo alishusha mgongo wa K, akapaka mkono wa juu, akafika kwenye mguu. Brashi ikasimama hewani. Ubao ulikuwa laini, hauna bomba wala msumari. Mguu ungeweza kushuka mpaka chini bila kugonga kitu.

Akauinua.

Alipomaliza, Wakili alilisoma jina lote kwa mara moja, kisha akalirudia.

— Kumbe! alisema Mashine. Miaka yote hii! Jina zuri hivyo ulikuwa unalificha nini?

Kopo hakugeuka. Alichovya tena brashi kwenye mkebe, akaisogeza kwenye nafasi iliyobaki chini ya jina lake.

— Na wewe, alisema, unaitwa nani?